Sheria na Haki: Msimamo wa Gavana LeRoy Collins wa Florida juu ya Haki za Raia, 1955–1961

Maneno mawili ya Kiswahili, sheria na haki, yamekaa jirani sana hata mara nyingi hutamkwa kwa pumzi moja. Lakini msemaji mzuri wa lugha hii hayachanganyi. Sheria ni amri iliyowekwa na wenye mamlaka, na mwenye kuivunja hutiwa adabu. Haki ni stahili ya mtu, nayo hubaki kuwa yake hata kama hapana amri iliyoitaja, na hata kama amri iliyopo inaikana. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, na yote mawili yamezoeleka katika mabaraza na mahakama kwa muda mrefu. Kwa hiyo Mswahili aweza kusema, bila kujipinga, kwamba mtu fulani amehukumiwa kwa sheria lakini amenyimwa haki yake.

Tofauti hiyo yafaa sana kwa kuuelewa mwendo wa Thomas LeRoy Collins, aliyekuwa gavana wa jimbo la Florida, kusini mwa Marekani, tangu Januari 1955 hata Januari 1961. Aliingia katika cheo chake akiwa mtetezi wa sheria zilizowatenga watu weusi na weupe. Baadaye alishika msimamo wa kuzitii hukumu za mahakama zilizoubatilisha utengano huo. Mwisho alisimama mbele ya jimbo zima akasema kwamba lipo jambo ambalo sheria inaliruhusu, na hata hivyo ni kosa. Hatua hizo tatu hazikuja kwa wepesi, wala hazikutoka katika moyo wake peke yake. Na kila moja ilikuwa na bei yake.

CHEO CHA GAVANA NA HALI YA FLORIDA

Katika Afrika ya Mashariki jina la gavana lilibebwa zamani na mtu aliyeletwa kutoka ng'ambo kutawala kwa niaba ya Mfalme wa Uingereza. Na ni tangu mwaka 2013 tu ambapo nchini Kenya gavana wa kaunti huchaguliwa na wakazi wake. Katika Marekani gavana ni mkuu wa serikali ya jimbo, naye huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo hilo. Ana uwezo wa kutia sahihi miswada ya bunge la jimbo au kuikataa, lakini hana uwezo juu ya Mahakama Kuu ya Shirikisho iliyoko Washington. Tena, gavana wa Kusini wa zamani zile alichaguliwa hasa na watu weupe, maana watu weusi wengi walizuiwa kupiga kura kwa hila, kwa vitisho na kwa nguvu. Mtu aliyetaka kuwatendea haki raia weusi alikuwa akiomba ruhusa kwa weupe.

Katiba ya Florida ya mwaka 1885 ilikuwa imeagiza waziwazi kwamba watoto weupe na watoto weusi wasifundishwe katika shule moja, na ilikataza ndoa baina ya rangi hizo. Utengano uliendelea katika mabasi, hospitali, hoteli, mikahawa na fukwe za bahari. Lakini jimbo lenyewe lilikuwa likibadilika upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 1950 ilikuta wakazi karibu milioni 2.8; ile ya mwaka 1960 ilikuta karibu milioni 5. Wageni wengi walitoka Kaskazini, wakakaa katika miji ya kusini ya jimbo, hasa Miami na jirani zake. Hata hivyo viti vya bunge la jimbo vilikuwa vimegawanywa kwa mpango wa kale, kiasi kwamba wilaya za mashamba za kaskazini, zenye chini ya sehemu moja ya tano ya wakazi wote, ziliweza kuchagua wabunge walio wengi. Wabunge hao walishikamana kama kundi moja, na hao ndio waliokuwa wapinzani wakubwa wa Collins kwa muda wote wa utawala wake.

Collins alizaliwa Tallahassee, mji mkuu wa jimbo, tarehe 10 Machi 1909. Alikuwa mwanasheria na mbunge wa miaka mingi. Gavana Dan McCarty alipofariki mwaka 1953, mkuu wa Seneti ya jimbo, Charley Johns, alikaimu nafasi yake. Na katika uchaguzi wa awali wa Chama cha Demokrat wa Mei 1954 Collins alimshinda Johns, apate kumalizia miaka iliyobaki. Katika siku zile, mwenye kushinda uchaguzi wa awali wa chama hicho katika Kusini alikuwa kama aliyekwisha kushika kiti. Mwezi huo huo wa Mei, tarehe 17, Mahakama Kuu ya Shirikisho ilitoa hukumu kwamba kuwatenga watoto wa shule kwa rangi ni kinyume cha Katiba ya Marekani. Collins aliingia madarakani hukumu hiyo ikiwa mbele yake.

UTENGANO KWA NJIA YA SHERIA

Si kweli, kama wasifu wake wakati mwingine unavyoeleweka, kwamba Collins alikuwa mpinzani wa utengano tangu mwanzo. Katika kampeni ya mwaka 1956 alisema wazi kwamba alitaka utengano uendelee, na kwamba atautetea kwa kila njia iliyo halali. Tofauti yake na wapinzani wake ilikuwa katika neno hilo, halali. Mmoja wao, Sumter Lowry, jenerali wa zamani wa askari wa jimbo, aliifanya rangi kuwa hoja yake ya pekee, akamshambulia gavana kwa ulegevu. Collins alijibu kwamba jimbo haliwezi kuendelea kwa ghasia na chuki, na kwamba wenye viwanda na watalii hawataleta mali yao mahali penye fujo. Wapiga kura walimkubali. Alishinda moja kwa moja bila ya duru ya pili, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika chaguzi za awali za chama chake kwa kiti hicho katika Florida.

Katika mwaka huo huo alikiita kikao maalum cha bunge kupitisha sheria ya kuwapanga wanafunzi. Sheria hiyo haikutaja rangi hata mara moja. Iliwapa wakuu wa elimu wa kila wilaya mamlaka ya kumchagulia mtoto shule kwa kutazama uwezo wake wa akili, maendeleo yake ya masomo na hali ya maisha yake. Maneno yake yalikuwa ya haki sawa; kazi yake ilikuwa kuwaweka watoto weusi pale pale walipokuwa. Mwenye kutafuta mfano wa jinsi lugha safi ya sheria inavyoweza kuubeba ubaguzi bila ya kuutamka, atauona hapa. Ilifika Septemba 1959 ndipo watoto weusi wachache waliposoma pamoja na weupe katika shule ya serikali ya chini, katika eneo la Miami.

Tena, katika mwaka 1956 bunge liliunda kamati ya upelelezi iliyoongozwa baadaye na Charley Johns, nayo iliwaandama wanachama wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, ikitaka majina yao. Collins hakutia sahihi mswada ule, wala hakuukataa. Aliuacha uwe sheria wenyewe. Mchungaji Theodore Gibson wa Miami alikataa kuitolea kamati habari za orodha ya wanachama, na kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya Shirikisho, ambayo ilimpa ushindi mwaka 1963. Katika jambo hili gavana alinyamaza pale ambapo mchungaji alisema, na kunyamaza kwake kuliwagharimu watu wengine.

HUKUMU YA WALTER IRVIN

Lipo tendo moja la miaka hiyo ya kwanza ambalo halifuati mkondo huo. Mwaka 1949, katika wilaya ya Lake, vijana weusi wanne walishtakiwa kwa kumnajisi mwanamke mweupe karibu na mji wa Groveland. Mmoja wao, Ernest Thomas, aliuawa na kundi la watu waliomfukuza kabla ya kufikishwa mahakamani. Charles Greenlee, aliyekuwa mdogo wao, alifungwa maisha. Samuel Shepherd na Walter Irvin walihukumiwa kufa. Na Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipoitengua hukumu yao mwaka 1951, mkuu wa polisi wa wilaya, Willis McCall, aliwapiga risasi wote wawili alipokuwa akiwasafirisha kwa ajili ya kesi ya pili, akidai kwamba walitaka kumtoroka. Shepherd alikufa. Irvin alipona, akasema kwamba hawakujaribu kutoroka. Alitetewa katika kesi ya pili na Thurgood Marshall, naye akahukumiwa kufa tena.

Faili la Irvin lilifika mbele ya Collins. Sheria ilikuwa imekwisha kusema mara mbili, kwa vinywa vya mabaraza mawili ya wazee wa mahakama. Gavana aliupima ushahidi, akaona kwamba hatia haikuthibitika kwa kiasi cha kumwondoa mtu duniani, na katika Desemba 1955 akaibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi michache. Wapinzani wake walilitumia jambo hilo kama fimbo ya kumpigia, na yeye hakulibadili. Kwa mtu aliyesema kwamba anafuata sheria tu, huu ulikuwa mwanzo wa kukiri kwamba sheria yaweza kumaliza njia yake yote na haki isiwe imefika.

MWAKA 1957

Mei 1956 wanafunzi wawili wa kike wa chuo kikuu cha watu weusi cha Tallahassee waliketi katika viti vya mbele vya basi la mji, wakakamatwa. Watu weusi wa mji waliacha kupanda mabasi, wakiongozwa na Mchungaji C. K. Steele. Mgomo huo ulikuwa nyumbani kwa gavana, mitaa michache tu kutoka ofisi yake. Fujo na milio ya bunduki ilipozidi mwanzoni mwa Januari 1957, Collins alisimamisha mabasi ya mji kwa muda, kwa amri yake mwenyewe. Amri hiyo haikuwapa ushindi waliogoma wala waliowapinga. Ilikuwa amri ya mlinzi wa amani.

Lakini siku chache baadaye, tarehe 8 Januari 1957, alipoapishwa kwa muhula wake wa pili, hotuba yake ilikwenda mbele kuliko vitendo vyake. Aliwaambia wasikilizaji kwamba hukumu za Mahakama Kuu ni sheria ya nchi, wapende wasipende. Aliongeza kwamba mtu mweupe wa kawaida haoni shida ya kupanda lifti moja na mtu mweusi, na kwamba kukaa pamoja naye katika basi hakumchukizi zaidi ya hapo. Kisha akatamka jambo ambalo gavana wa Kusini wa siku zile hakulitamka: kwamba raia weupe lazima wakubali kwamba mtu mweusi hana fursa sawa na wao, na kwamba anastahili, kwa sheria na kwa maadili pia, kuendelea upesi zaidi kuliko alivyoachiwa kuendelea. Hapa ndipo neno maadili lilipoingia mara ya kwanza kwa uzito katika usemi wake, nalo liliwekwa pembeni ya neno sheria, si chini yake.

Bunge lilimjibu kwa njia yake. Katika masika ya mwaka huo lilipitisha azimio la kutangaza kwamba hukumu za Mahakama Kuu juu ya shule ni batili ndani ya Florida. Azimio si mswada, na gavana hakuwa na uwezo wa kulikataa. Lilipita mikononi mwake ili lipelekwe tu. Collins alichukua kalamu, na tarehe 2 Mei 1957 akaandika kwa mkono wake juu ya karatasi yenyewe kwamba analilaani azimio hilo kuwa jambo ovu, kwamba ni udanganyifu mbele ya watu, na kwamba kama historia itamwona kuwa alikuwa na haki siku hiyo, ijulikane kwamba alifanya alivyoweza kuizuia aibu hiyo. Karatasi hiyo imehifadhiwa katika nyaraka za jimbo. Mswada mwingine, uliokusudia kuruhusu shule zifungwe kabisa kuliko kuchanganywa, aliukataa.

Uzito wa maneno hayo huonekana zaidi yakiwekwa kando ya mambo yaliyotendeka kwa majirani. Tarehe 2 Septemba 1957 Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwatuma askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi weusi tisa kuingia shule ya sekondari ya Central katika mji wa Little Rock, na tarehe 24 Septemba Rais Eisenhower alilazimika kupeleka askari wa jeshi la taifa. Siku moja kabla ya askari hao kutumwa, Collins alihutubia mkutano wa magavana wa Kusini huko Sea Island, Georgia. Aliwauliza wenzake kama mtu wa Kusini aweza kuchaguliwa kuwa rais wa Marekani, na jibu lake lilikuwa kwamba aweza, ila si kwa kujifungia katika ukuta wa rangi. Baadaye alikuwa mmoja wa magavana wanne waliokwenda kuonana na Rais kutafuta suluhu ya Little Rock. Suluhu hiyo haikupatikana.

Pamoja na hayo, Florida ya Collins iliendelea kujenga kwa mkono wa utengano. Katika mpango mkubwa wa vyuo vya miaka miwili, uliokuwa fahari ya utawala wake, jimbo lilikuwa na vyuo 12 vya watu weusi kando ya vile vya weupe. Vilifungua mlango kwa maelfu ya vijana ambao hawakuwa na pengine pa kusoma. Na katikati ya miaka ya 1960, utengano ulipoondolewa, vilifungwa kimoja baada ya kimoja, na walimu wake wengi wakapoteza vyeo vyao. Fursa ilitolewa, lakini haikuwa sawa.

MEZA ZA CHAKULA

Februari 1960 wanafunzi weusi wa North Carolina waliketi katika meza ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, wakaomba kuhudumiwa. Desturi ya maduka hayo ilikuwa ya ajabu: mtu mweusi alikaribishwa kununua dawa ya meno, nguo au daftari, na pesa yake ilipokelewa, lakini akitaka kikombe cha kahawa katika duka lile lile alifukuzwa. Siku chache baadaye wanafunzi wa Tallahassee walifanya vivyo hivyo. Tarehe 20 Februari kumi na mmoja walikamatwa, miongoni mwao ndugu wawili, Patricia na Priscilla Stephens. Tarehe 12 Machi polisi waliwatawanya wanafunzi waliokuwa wakiandamana kwa moshi wa kutoa machozi. Walipohukumiwa, baadhi yao walikataa kulipa faini, wakachagua kifungo, wakakaa jela siku 49. Walisema kwamba kulipa ni kukubali kosa.

Kwa sheria ya Florida ya wakati huo, mwenye duka alikuwa na hiari ya kumhudumia amtakaye. Mahakama hazikuwa zimemwamuru vinginevyo. Kwa hiyo ngao ya Collins ya siku zote, yaani kuitii sheria, haikuwa na la kumwambia: aliyeitii sheria hapa ni yule aliyemfukuza mgeni mezani. Wanafunzi, kwa kuketi tu, walikuwa wamemfikisha gavana mahali ambapo jibu lake la zamani lilikwisha.

Jumapili tarehe 20 Machi 1960, wanafunzi wale wakiwa bado jela, Collins alizungumza na jimbo zima kwa televisheni na redio kutoka Jacksonville. Alianza kwa kusema kwamba yeye ni mwakilishi wa kila mwanamume, mwanamke na mtoto wa Florida, awe mweusi au mweupe, tajiri au maskini. Halafu alifika kwenye kiini. Alikubali kwamba mwenye duka ana haki ya kisheria ya kuchagua wateja. Lakini alisema kwamba mwenye kuwaalika watu wote katika duka lake, kisha akawakataza baadhi yao sehemu moja ya duka hilo kwa sababu ya rangi, anatenda jambo lisilo la haki na lisilo la maadili. Aliwajibu pia wale waliomwambia kwamba amani ingekuwapo kama watu weusi wangekaa mahali pao: hapana awezaye, alisema, kuwazuia Wamarekani wasipiganie uhuru, wala kuwazuia wasitumaini kwamba ahadi ya usawa iliyomo katika Azimio la Uhuru la nchi yao itatimia siku moja.

Ni vyema kutazama hotuba hiyo haikusema nini. Haikuwasifu wanafunzi kwa njia waliyoichagua. Collins aliyaona maandamano kuwa ya hatari kwa amani, na alitaka mambo yapelekwe mezani kwa mashauri. Haikumwamuru mwenye duka yeyote. Aliunda kamati ya jimbo yenye wajumbe weusi na weupe, akamweka mwanasheria Cody Fowler wa Tampa kuiongoza, na akaitaka kila miji iunde kamati ya namna hiyo. Katika Tampa mashauri yalizaa matunda, na meza za chakula zikafunguliwa mwaka huo huo. Katika Jacksonville, ambako meya hakutaka mashauri, kundi la weupe liliwavamia vijana weusi kwa mipini ya mashoka tarehe 27 Agosti 1960. Neno moja la gavana lilisikiwa katika miji yote miwili.

BEI YA MANENO

Muda wake ulikwisha Januari 1961, na katiba haikumruhusu kugombea tena. Aliyemfuata, Farris Bryant, alikuwa mtetezi wa utengano. Hivyo mlango uliofunguliwa na hotuba ya Machi haukupata mtu wa kuushika. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Januari 1963, George Wallace aliapishwa kuwa gavana wa Alabama kwa kuahidi utengano wa milele. Wallace aliyashika maneno hayo baada ya kushindwa mwaka 1958 na mtu aliyemzidi kwa ukali wa ubaguzi. Alijifunza kile wapiga kura walichokilipia. Collins aliyajua hayo hayo, akaenda upande mwingine.

Sheria ya Haki za Raia ilipopita mwaka 1964, Rais Lyndon Johnson alimfanya Collins mkurugenzi wa kwanza wa idara mpya ya kusuluhisha migogoro ya rangi. Kazi hiyo ilimpeleka Selma, Alabama, Machi 1965, siku mbili baada ya askari kuwapiga waandamanaji katika daraja la Edmund Pettus. Tarehe 9 Machi alikwenda na kurudi baina ya Mchungaji Martin Luther King na wakuu wa polisi, hata ikakubaliwa kwamba waandamanaji wavuke daraja, wasali, na wageuke. Damu haikumwagika darajani siku hiyo. Wengi wa vijana waliona kwamba walirudishwa nyuma bila ya sababu. Maandamano yaliporuhusiwa baadaye kwenda Montgomery, Collins alipigwa picha akitembea kando ya King, akizungumza naye juu ya mipango ya safari.

Picha hiyo ilimfuata nyumbani. Mwaka 1968 aligombea kiti cha Seneti ya taifa, na wapinzani wake waliisambaza Florida nzima kuonyesha kwamba aliongoza maandamano ya watu weusi. Alishindwa na Edward Gurney. Hakugombea tena cheo chochote. Alifariki Tallahassee tarehe 12 Machi 1991.

KUPIMA

Watu wawili wameudhulumu ukumbusho wa Collins: mwenye kumfanya shujaa tangu siku ya kwanza, na mwenye kumwita mbaguzi mpole tu. Wa kwanza huisahau sheria ya mwaka 1956 na kamati ya Johns. Wa pili huisahau karatasi ya Mei 1957 na Jumapili ya Machi 1960. Ukweli ni kwamba alisogea, na kila aliposogea palikuwa na watu waliokwisha kufika mbele yake: Irvin katika chumba cha kungojea kifo, waliotembea kwa miguu Tallahassee, wanafunzi waliochagua jela. Sifa yake ni kwamba alisogea hali angali na cheo, na kwamba alisema mbele ya wale waliokuwa na uwezo wa kumnyang'anya kesho yake.

Neno raia, katika asili yake ya Kiarabu, lilihusu kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Kiswahili cha leo kimelipandisha. Raia ni mwenye nchi, na ndiyo maana twaweza kusema haki za raia bila ya maneno hayo kugongana. Collins aliingia madarakani akiwahesabu watu weusi wa Florida kwa maana ya kwanza, watu wa kulindiwa amani. Alitoka akiwa ameanza kuwahesabu kwa maana ya pili.

Walter Irvin aliachiwa mwaka 1968, akafa mwaka uliofuata. Januari 2019 jimbo liliwasamehe wote wanne wa Groveland, na Novemba 2021 mahakama ya wilaya ile ile ya Lake ikaziondoa hukumu na mashtaka yao, miaka 72 baada ya kukamatwa kwao. Kalamu ya Desemba 1955 haikumpa Irvin haki yake. Ilimpa miaka zaidi ya kumi na mitatu ya uhai, mingi katika hiyo ikiwa ya kifungo, kwa kosa ambalo sheria sasa imekiri kwamba halikuthibitishwa juu yake.